Bibi wa Vikuba na Maneno Yangu Kumi na Manane

Watu wakinisifu kwa kile kitabu changu kidogo cha maua, mimi huinamisha kichwa. Wao hudhani ni adabu. Kumbe naangalia chini kwa sababu sina uso wa kuwatazama. Kila neno zuri lililomo mle si langu, na yale yaliyokuwa yangu, kwa rehema ya Mungu, hayakuchapishwa.

Mwenye maneno alikuwa jirani yangu Kariakoo, enzi ya Mwingereza, kabla vita vya pili havijafika. Tulimwita Bibi wa Vikuba. Jina lake nilikuwa nalijua, ila alinikataza kulitumia. "Jina ni la nyumbani kwetu," alisema. "Wewe niite kwa kazi yangu, inatosha." Nimemtii katika hili, maana katika mengine sikumtii.

Kikuba, kwa asiyejua, ni kishada kidogo cha maua na majani ya kunukia, hufungwa kwa uzi, mwanamke akakichomeka nyweleni au kifuani. Yeye alivifunga kila asubuhi kwenye baraza ya nyumba tuliyopanga, nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na mstafeli uani. Mbele yake kulikuwa na ungo: asumini upande mmoja, rehani upande wa pili, na katikati malangilangi, yale maua marefu ya manjano yaliyolegea kama vitambaa vilivyoanikwa, ambayo aliletewa alfajiri kutoka viunga vya Upanga. Mpaka jua linapanda, ungo ulikuwa mtupu naye anatafuna tambuu.

Hakuwa mtu mpole. Mabibi harusi aliwasema. Akimwona mwari anayecheka sana humwambia, "Cheka, mwanangu, cheka yote leo leo." Lakini mwanamke aliyeachwa akipita, alimwita, akamfungia kikuba kikubwa kuliko vyote na kumchomekea mwenyewe, bila neno. Umri wake aliupunguza kila mwaka, hata mke wangu akasema tukikaa pale miaka kumi zaidi tutamlea. Waume alisema aliwahi kuwa nao watatu. Siku nyingine walikuwa wanne. Nilipomuuliza ni wangapi hasa, alinijibu, "Inategemea na unayemhesabu kuwa mume."

Na mimi? Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya serikali. Asubuhi nilitoka na kaptura iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, na kofia ngumu ya jua kama ya Wazungu, iliyokuwa kubwa kwa kichwa changu, hata nikigeuka ghafla mimi nageuka, yenyewe inabaki imeelekea Mnazi Mmoja. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye hujibu, "Marahaba, mwalimu. Kofia hujambo?"

Mwaka ule mkuu wa shule, Mwingereza mwenye subira nyingi na Kiswahili cha kutosha, aliniita akaniambia watoto hawana kitabu cha mimea kwa lugha yao. Alitaka niandike kimoja kifupi, juu ya jamii moja tu ya miti ambayo kila mtoto wa mjini anaijua: mstafeli, mtopetope na mlangilangi. Alinieleza kwamba miti hiyo mitatu ni ndugu, na kwamba undugu wao unaonekana katika maua. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyelijua hilo tangu tumboni mwa mama yake. Nilikuwa sijawahi kulitazama ua la mstafeli hata siku moja, na mti wenyewe ulikuwa hatua nne kutoka mlango wa chumba changu.

Sikuona haja ya kutazama. Nilikuwa na kitabu cha Kiingereza, na ndani yake mlikuwa na mchoro wa ua. Nilikaa siku tatu nikatunga maneno kumi na manane. Vile vijani vidogo vinavyolishika ua kwa chini niliviita Walinzi wa Kijani. Majani ya rangi yakawa Mapazia. Vijiti vyenye unga vikawa Askari wa Unga, na pale mbegu zinapokaa pakawa Ghala Kuu. Kwa kifupi, nililitungia ua serikali nzima, lilikosa mahabusu tu. Kisha nikachora langilangi kwa wino, nikaketi barazani nikilipulizia likauke, mahali ambapo Bibi wa Vikuba asingeweza kukosa kuliona.

Alitazama. Akatazama tena.

"Ua gani hilo, mwalimu?"

"Langilangi, bibi."

"La wapi?"

"La hapa hapa. Kama hayo yako."

Aliweka uzi chini. "Shuleni unafundisha hesabu pia?"

"Nafundisha."

"Basi hesabu." Akanitupia langilangi moja mapajani.

Nilihesabu. Mchoro wangu ulikuwa na majani matano, kama ua la kwenye kitabu cha Kiingereza, ambalo sasa naamini lilikuwa waridi. Langilangi lililokuwa mapajani mwangu lilikuwa na sita. Nilihesabu tena nikianzia upande mwingine, nikitumaini.

"Sita," nikasema.

"Sita. Matatu nje, matatu ndani. Sasa nisomee hayo uliyoandika pembeni."

Nilimsomea. Nilipofika kwenye Askari wa Unga alifunika mdomo kwa kanga. Nilipofika Ghala Kuu alishindwa, akacheka hadi tambuu ikampalia, ikabidi mke wangu aje na maji. Alipopata pumzi alisema, "Maskini ua! Kwao hata mwizi hakuingia, nawe umeshampelekea polisi."

Nilikasirika, nikaingia ndani. Mke wangu aliniacha nikasirike mpaka chai ilipokwisha, kisha akaniambia, "Mwalimu, mtu anashika maua elfu kwa mwezi. Wewe umeshika moja, tena la kutupiwa. Toka nje ukaulize."

Nikatoka nikauliza. Basi, kwa karibu miezi miwili, kila asubuhi kabla ya shule, niliketi kwenye jamvi mbele ya ungo wake nikiwa na daftari, na kofia yangu nimeiweka mbali.

Vidole vyake vilikuwa vinene, na kucha ya gumba la kulia aliiacha ndefu kwa kazi moja tu: kupasua ua. Alilishika kwa kikonyo, akalipasua katikati, akalifungua kama mtu anayefungua barua. Hakuwa na maneno ya kifahari. Vile vijani vitatu vya chini aliviita vishikio, kwa kuwa vinashika. Majani ya rangi aliyaita ndimi, na ukilitazama langilangi utaona kweli ni ndimi zinazoning'inia: ndimi tatu za nje, ndimi tatu za ndani. Zile za mstafeli ni nene kama ngozi, lakini hesabu, alisema, ni ile ile kwa ndugu wote watatu. Katikati pana kitu mviringo, alikiita kifungo, kama kifungo cha koti. Pembeni mwa kifungo umejaa unga, na katikati yake, pale ambapo mimi niliona nukta tu, mna vyumba.

"Vyumba?"

"Vyumba. Vingi. Kila chumba na mbegu zake. Wewe unakaa wapi? Si kwenye chumba? Na mimi si kwenye changu?"

Akanionyesha. Katika langilangi kila chumba kinakwenda zake, kinakuwa kitunda chake chenye kikonyo chake, kwa hiyo mlangilangi huzaa kishada cha vitunda vyeusi. "Hawa ni wapangaji," alisema. "Kila mtu na mlango wake." Katika mstafeli vyumba vinakua vikishikana hadi vinakuwa tunda moja kubwa. "Na hawa ni wa tumbo moja. Wanagombana, lakini hawahami." Ndiyo maana, akaniambia, ngozi ya topetope ina mabonge mabonge: kila bonge ni chumba kilichokataa kusahau kwamba kilikuwa peke yake.

Nimesoma vitabu vingi baadaye. Sijaona mahali hayo yalipoelezwa vizuri zaidi.

Si kwamba nilikubali yote. Siku moja aliniambia ua la mstafeli siku ya kwanza ni mke, na siku ya pili ni mume. Siku ya kwanza vyumba vinalowa na kunata, tayari kupokea, na unga haujatoka. Siku ya pili vimekauka, ndipo unga unamwagika. Kwa hiyo ua haliwezi kujizalisha, sharti lipate unga wa ua jirani lililotangulia kufunguka, na vijidudu ndio washenga. Nilimwambia, kwa sauti ya kumhurumia, kwamba hayo ni maneno ya barazani na hayawezi kuingia katika kitabu cha watoto. Alinitazama kidogo, akaendelea kufunga.

Nilimsimulia mkuu wa shule kama kichekesho. Hakucheka. Alifungua kitabu kikubwa, akasoma kimya, akakifunga. "Huyo mama amesema kweli," akaniambia. "Mimi mwenyewe nilikuwa sijui." Nilirudi nyumbani nikalitia katika daftari. Kwa Bibi sikusema kitu. Nilijipa sababu kwamba hakuuliza.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipitia mbali kila ninaposimulia habari zake.

Asubuhi moja tulikuwa tumeketi, yeye ananionyesha jinsi ya kulitambua langilangi lililoiva: rangi yawe manjano kamili, ndimi zilegee, na ndani kabisa, kwenye shina la ndimi, patokee doa jekundu. Bila doa, ua halijaiva, hata liwe zuri namna gani. Wakati anaeleza nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikadhani ni kwa jirani. Ikazidi, ikaanza kuwasha macho.

"Bibi, kuna chungu chako jikoni?"

"Cha maharage. Bado hakijachemka."

Niliinuka nikakimbilia uani. Maharage yalikuwa yamekuwa makaa. Nilikitoa chungu kinafuka, na nilipogeuka alikuwa amesimama nyuma yangu, akitazama moshi kwa mshangao wa mtu anayeuona tu. Ndipo nikaelewa. Kila nilipomwona akiinua ua puani mbele ya mteja na kusema "Mashaallah!", alikuwa anaigiza.

"Bibi, hunusi?"

"Tangu ile homa iliyokuja vita vya Mjerumani vilipokwisha. Ilichukua watu, mimi ikachukua pua. Nilikaa mwezi mzima nalia juu ya ungo. Kisha nikaona kulia hakufungi vikuba, nikaanza kuyapasua niyatazame." Akanishika mkono, na alikuwa hajawahi kunishika kabla. "Mwalimu, hili ni langu na lako. Wakilijua sokoni, nimekwisha."

Nikaapa. Niliapa kwa Mungu na kwa mama yangu.

Kitabu kilipokaribia kwisha, mkuu wa shule aliita mkutano wa walimu na wazazi nieleze kazi yangu. Nilivaa koti. Mwanzoni nilieleza vizuri, na watu walinisikiliza kwa heshima, yaani baadhi walisinzia. Mimi nilitaka wacheke, wastaajabu, wamtazame kijana huyu mwenye koti. Nikaona nina kitu kimoja kitakachowaamsha. Nikasema, "Na ajabu ya yote, enyi wazee wangu, bibi aliyenionyesha haya, anayefunga vikuba vya mji mzima, hana pua! Hanusi hata kidogo!"

Waliamka. Walicheka, walipiga makofi. Nilirudi kwenye kiti changu nimevimba kama chapati, na nilikuwa bado sijakaa sawasawa nilipokumbuka mkono wake juu ya mkono wangu.

Sikumtaja jina. Hiyo ndiyo hoja niliyomletea mke wangu nilipofika nyumbani. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Vikuba vya mji mzima vinafungwa na mabibi wangapi?" Kisha akalala akinigeuzia mgongo.

Kesho yake habari ilikuwa sokoni kabla ya samaki. Wanawake walipita mbele ya ungo wake wakifunika pua kwa kanga, wanacheka. Mmoja alimletea kitunguu akamwambia, "Nusa asumini hii." Kubwa zaidi ni kwamba Bi Mkubwa wa duka la vitambaa, wa ukoo wa Kiarabu, aliyekuwa amemwagiza vikuba vya harusi ya binti yake, alituma mtu kusema asihangaike, wamepata mfungaji mwingine mwenye pua yake.

Bibi hakunitukana, ingawa nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilipotoka asubuhi nikasema, "Shikamoo, bibi," aliendelea kufunga uzi kana kwamba upepo umepita. Kesho yake vivyo hivyo. Hapa kwetu mtu mzima akikunyima marahaba, umebaki umeshikilia shikamoo yako mkononi kama sahani, huna pa kuiweka. Wapita njia waliona. Wanafunzi wangu waliona. Niliendelea kumwamkia kila siku, na kila siku hakuna jibu.

Niliamua kurekebisha mambo kwa njia ninayoijua. Nilikwenda dukani kwa Bi Mkubwa na daftari langu, nikasimama kati ya majora ya vitambaa nikaanza kumweleza habari za ndimi na vifungo. Alinisikiliza kidogo akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyesema hana pua. Leo unataka nini tena?" Nikatoka, kofia mkononi.

Aliyeokoa mambo ni langilangi lenyewe. Yule mfungaji mwingine alikuwa na pua nzuri, na pua hiyo ilimponza. Siku mbili kabla ya harusi alipeleka vikuba vya majaribio vya usiku wa hina. Asubuhi vilinukia nyumba nzima. Adhuhuri vilikuwa vinanukia kama majani ya muhogo. Mke wangu, aliyealikwa, alirudi na habari hiyo, na hakuniambia mimi kwanza. Alipita moja kwa moja kwa Bibi, kisha akarudi kwa Bi Mkubwa, na kesho yake mapema Bi Mkubwa mwenyewe alikuja barazani kwetu na buibui lake, nyuma yake wanawake watano waliokuja kutazama. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Niseme nilikuwa navaa viatu.

Bibi hakumkaribisha kwa maneno mengi. Alimsogezea ungo. "Nusa."

Bi Mkubwa akainama. "Yananukia, mashaallah."

"Lipi?"

"Vipi lipi? Yote."

"Shika moja moja, unioneshe linalonukia."

Bi Mkubwa akashika moja, akanusa, akashika jingine. Alianza kukunja uso. Yote yalikuwa na harufu ile ile, maana yamelala pamoja.

"Yaliyoiva humu ni nusu," Bibi akasema. "Yanayapaka harufu wenzao. Pua yako inadanganywa, na ya yule uliyempata ilidanganywa. Yangu haidanganywi, kwa kuwa haipo." Akapasua moja kwa kucha. "Hili halina doa. Likikaa nje ya ungo muda wa saa tatu, ni jani." Akapasua jingine, akamwonyesha lile doa jekundu. "Hili litanukia mpaka kesho, wewe umelala."

Kisha akaanza kuyatenga, huku na huku, haraka, bila kupasua tena, kwa kuchungulia tu kati ya ndimi. Wanawake wale watano waliinama juu ya ungo, hakuna aliyefunika pua. Bi Mkubwa alikaa kwenye jamvi, pale nilipozoea kukaa mimi, akasema, "Bibi, tumekukosea. Nifungie."

Alifunga. Harusi ilinukia, mke wangu alisema, hadi barabarani. Tangu siku hiyo wanawake walikuja hata kutoka ng'ambo ya Magogoni, na walikuja hasa kwa sababu hanusi. Alipandisha bei. Akaacha kuigiza na kusema "Mashaallah," akawa mkali maradufu.

Kwangu mimi ukimya uliendelea mvua zote za masika. Kisha siku moja nilipita nikiwa nimechelewa, nimesahau hata kumwamkia, nikasikia nyuma yangu, "Siku hizi hatuamkiani?" Nilirudi mbio. "Shikamoo, bibi!" Akasema, "Marahaba," bila kuinua uso. Hatukulizungumza lile jambo. Nilitunga hotuba ya kumwomba radhi, ndefu, yenye mithali nne, na kila nilipomkaribia niliiahirisha. Kisha nikahamishiwa bara.

Kitabu kilichapwa nikiwa huko. Nilirudi Dar kwa likizo nikiwa nacho mfukoni. Kariakoo niliambiwa amehamia Ilala kwa binti wa dada yake. Nilimkuta kitandani, ameegemea ukuta, vidole vimevimba viungo, kucha ya gumba imekatwa. Macho yalikuwa yale yale.

"Umenenepa," akasema. "Kitabu kiko wapi?"

Nilikuwa nimeileta ile hotuba pia, nimeiandika kabisa safari hii, iko mfuko wa pili. Nilikohoa nianze.

"Soma kitabu," akasema.

Nikamsomea. Vishikio, ndimi, kifungo, vyumba. Alifumba macho, akawa anatikisa kichwa taratibu, midomo inanifuata. Nikasoma habari za wapangaji na za wa tumbo moja, akatabasamu. Nikafika ukurasa wa mtopetope: "Nao pia una ndimi tatu nje na ndimi tatu ndani."

Akafumbua macho. "Nani kakwambia hivyo?"

"Wewe, bibi."

"Mtopetope?"

"Ulisema jamii yote ni sawa. Tatu na tatu."

Alitazama dari. Alikuwa anapasua maua kichwani, nadhani, moja baada ya jingine. "Hapana," akasema mwishowe. "Mtopetope una tatu za nje tu. Za ndani hazionekani, au ni vijigamba tu, vidogo kama kucha ya mtoto mchanga. Mtopetope sikuwa nikiutumia kwenye vikuba, nikasema kwa mazoea." Akanigeukia. "Basi nilikosea. Kalamu unayo?"

Alisema hivyo tu, kama mtu anayeomba maji. Nikakaa pale na kitabu mapajani. Karatasi yangu yenye mithali nne ikawa nzito mfukoni, nikaona haya hata kuigusa.

"Bibi," nikasema, "na mimi nilikosea. Siku ile, mkutanoni."

"Hilo nalijua siku nyingi," akasema. "Andika: tatu za nje tu."

Nikaandika pembeni mwa ukurasa, kwa wino. Kisha nikatumia likizo yangu iliyobaki kuzunguka shule za mji zilizopata kile kitabu, nikiomba nifunguliwe kabati, nikisahihisha nakala moja moja kwa mkono. Wenye shule waliniuliza nani aliyefanya kosa hilo. Niliwaambia ni mimi.